Uzi wa Rangi Tano Hadi Darajani

Iwadera, 12 Februari

Kwa Dada Yasue, huko kwenye theluji ya Otaru,

Barua ya heshima huanza kwa kuusifu msimu. Basi: msimu ni mbaya, mfereji umeganda, na mplamu wa jirani umetoa maua machache ambayo jirani anajigamba nayo kama kayatoa kichwani mwake. Salamu zimekwisha.

Umeniandikia kwamba mwezi wa nne utakuja, Kannon wetu, sanamu ya mungu wa huruma, akifunguliwa hekaluni, na kwamba utapanda kwa miguu yako kutoka Lango Jeusi mpaka jumba kuu. Ukaniamuru niitembee njia nzima nikueleze ilivyo siku hizi: wapi pa kukaa, wapi pa kujisaidia, wapi mawe yanateleza. Dada, nimeishi humu miaka sabini na mitano na sijawahi kuitembea njia hiyo kwa makusudi. Huwa nakwenda kununua tofu, narudi. Lakini nilianza lini kukukatalia wewe? Nikavaa soksi mbili mbili, nikatoka.

Lango Jeusi bado limeinama kushoto kama mlevi anayesikiliza siri. Kutoka hapo mpaka darajani ni tambarare, hata bata angeenda. Kabla ya daraja kuna duka la achari la Otsune, mjane yule mwenye sauti. Aliponiona tu akapaza:

"We Kumaji! Umepotea? Tofu iko chini huko!"

"Leo mimi mtalii."

"Mtalii gani hanunui kitu? Haya pita, usinizibie wateja."

Wateja wenyewe walikuwa paka mmoja.

Ukishavuka daraja, ubaya unaanza. Kuna kipandio cha jiwe hapo hapo, kisha ngazi mbili mbele ya duka la pombe ya sake, kisha njia inapanda kwa ngazi moja moja, mapana yasiyolingana, mpaka kwa mtengeneza ubani, ambaye alikuwa amelala kati ya bidhaa zake akinukia vizuri kuliko anavyostahili. Baada yake ni Lango la Walinzi. Wale majitu wawili wa mbao, wekundu, wapo. Wa kulia bado ameachama kama aliyetajiwa bei ya soksi. Na nyuma yao, dada, ngazi kubwa. Nilikaa katikati yake muda wa mtu kumaliza chungwa na kumenya la pili.

Juu nilimkuta mtawa mkuu, Shuen, akiwaeleza wageni kwa ile sauti yake ya asali: Kannon wetu hufungiwa kabatini miaka thelathini na mitatu, haonwi na mtu, akifunguliwa, uzi wa rangi tano hufungwa mkononi mwake, ukatolewa nje mpaka kwenye nguzo mbele ya jumba, anayeigusa nguzo ameugusa mkono wa Kannon mwenyewe. Wageni wakasema "aaa". Hakuwaambia kwamba Kannon, kutoka pale watu wanaposimama, anaonekana mdogo kama dole gumba gizani.

Maoni yangu: usipande. Njoo ukae kwangu, tule keki za mochi, nitakusimulia nikikuongezea chumvi.

Mdogo wako,
Kumaji


Otaru, 20 Februari

Kumaji,

Barua yako nimeisoma mara moja. Haikustahili mara mbili.

Nilikuomba unieleze njia, hukuombwa maoni. Na machungwa kwenye ngazi za hekalu! Maganda uliyatupa wapi? Usinijibu.

Mimi kila asubuhi natembea mpaka soko la samaki na kurudi, na njia ya huku ina barafu. Ngazi za Iwadera hazinitishi. Unanifikiria mimi bibi kizee kwa sababu wewe mwenyewe umezeeka vibaya.

Nikukumbushe, maana ulikuwa na umri wa miaka tisa na ulikuwa umeshughulika kumvuta mbwa mkia. Kannon alipofunguliwa nikiwa na miaka kumi na mitano, mama alinipandisha mpaka kwenye nguzo. Niliishika kwa mikono miwili nikaomba nitoke Iwadera, nisinuse tena majani ya mikeka ya baba. Baada ya miaka minne akaja mtu wa Otaru kunioa. Hapo sina malalamiko, nilisikilizwa. Mara ya pili nilikuwa na arobaini na minane. Marehemu mume wangu alikuwa kitandani, nikabaki kumwuguza. Hii ni ya tatu. Ya nne nitakuwa na mia moja na kumi na minne, na sidhani kama nitapata nafasi.

Nina neno la kumwambia Kannon. Siwezi kulituma kwa posta, na wewe sikuagizi, utalitia mzaha. Neno ni langu. Nataka kuishika nguzo hiyo mara moja, basi, halafu maisha yaendelee yanavyotaka.

Andika tena. Safari hii andika kama mtu mzima.

Dada yako,
Yasue


Otaru, 24 Februari

Mjomba Kumaji,

Shikamoo. Mama hajui kwamba nakuandikia, naomba isalie hivyo.

Mama hatembei tena. Mwaka juzi aliteleza kwenye theluji, nyonga ikavunjika, na tangu hapo yuko kwenye kiti cha magurudumu. Alitukataza kukuambia. Sokoni anasukumwa na mke wangu. Daktari amesema asibebwe mgongoni wala kupandishwa ngazi kwenye machela, mtikisiko mmoja mbaya unaweza kumlaza moja kwa moja.

Amekwisha kuandaa sanduku. Nikimwambia ngazi hazipandiki kwa kiti, anasema, "Kumaji hajasema hivyo." Mjomba, simpeleki mama yangu kote huko aje atazame ngazi kutoka chini. Kama hakuna njia ya kuifikia hiyo nguzo, ni afadhali abaki. Mkatishe tamaa, tafadhali. Anakusikiliza wewe tu. Yeye atakana, lakini barua zako anazisoma kwa sauti mezani, mara tatu nne, na anacheka kabla hajafika kwenye kichekesho.

Mpwa wako,
Nobuhiro


Iwadera, 1 Machi

Dada Yasue,

Kama mtu mzima, basi. Nimekaa vizuri, nimekunja miguu, hata pua nimefuta.

Kwanza ni aibu yangu. Ile safari ya ngazi ilinimaliza. Magoti yamegoma kabisa, yote mawili, hata kulifikia kabati la juu sasa naita watu. Wewe unayetembea kwenye barafu utanicheka, nami sina la kujitetea. Nilikuwa najiuliza: dada akija, akanivuka pale darajani akapanda kama mbuzi, mimi nitabaki chini na Otsune ananitazama? Uso wangu nitauweka wapi?

Lakini sikia habari. Shuen ameamua jambo. Ameona waumini wake wote ni wazee wa magoti kama mimi, na kwamba ngazi zikimmaliza mtu siku ya sherehe itabidi amzike bure. Kwa hiyo mwaka huu uzi hautaishia kwenye nguzo. Utaendelea, utashuka ngazi kubwa, utapita kati ya wale wekundu wawili, utashuka mtaa mzima mpaka darajani. Atakayeushika darajani ameshika mkono ule ule wa Kannon. Shuen mwenyewe kasema, na unajua yule hajui mzaha.

Sasa naomba, dada, nakuomba kwa unyenyekevu ambao hujawahi kuuona kwangu: usipande. Kaa nami darajani. Nionee huruma mdogo wako. Tutaushika uzi hapo, wewe utasema neno lako, mimi nitaangalia pembeni.

Kutoka Lango Jeusi mpaka hapo ni tambarare, nimeshakwambia. Mwambie Nobuhiro hata kiti cha magurudumu kingepita, kama atakuwa amechoka, yeye.

Mdogo wako mwenye magoti mabovu,
Kumaji


Otaru, 8 Machi

Kumaji,

Pole na magoti. Nilikwambia ujana wako wa kukaa kwenye mawe ya mto utakurudia.

Basi nitakaa nawe darajani. Nisingependa watu wa Iwadera waseme nilimwacha mdogo wangu chini kama mzigo. Shuen namkumbuka akiwa mtoto mwenye makamasi, sikujua atakuja kuwa na akili hii. Mpe shukrani zangu.

Nobuhiro alibisha, kisha akasoma barua yako, akaenda kukata tiketi. Tutafika asubuhi ya tarehe kumi na nane mwezi wa nne, siku yenyewe ya kufunguliwa. Anang'ang'ania tuje na kiti cha magurudumu, anadai stesheni za siku hizi ni ndefu. Nimemkubalia asije akanuna. Ukiniona nimekikalia, ujue ni kwa ajili yake.

Yasue


Hekalu la Iwadera, 14 Machi

Kwa Mzee Kumaji, muumini wetu,

Katika majira haya ambapo machipukizi ya mcheri yameanza kuvimba, nakutakia afya njema. Hekalu linakushukuru kwa mikeka mipya ya chumba cha wageni.

Kuhusu ombi ulilolitoa ukiwa umelala juu ya mikeka hiyo, nimeshauriana na wazee. Nguzo ni moja. Mahali pake ni mbele ya jumba kuu, na uzi unakomea hapo, kama ulivyokomea tangu enzi za waliotutangulia. Ukishushwa darajani leo, kesho wenye basi watautaka kituoni.

Aidha, mtaani kuna neno kwamba nimekwisha kukubali. Naomba aliyelieneza alisahihishe.

Kwa heshima,
Shuen


Iwadera, 2 Aprili

Mwanangu Nobuhiro,

Mama yako akiingia wakati unaisoma hii, ikalie.

Umekwisha kubahatisha, maana umekata tiketi bila kuniuliza swali hata moja: nilidanganya. Shuen hakuamua chochote. Nilipoandika ile barua nilikuwa hata sijamwuliza. Nilifikiri nitamwambia, atalainika, yataisha. Hakulainika. Nina barua yake, nzuri sana, unaweza kuitundika ukutani.

Kwa hiyo uongo nimeusema, wewe una tiketi, na uzi hakuna. Nilikaa na jambo hilo siku kadhaa. Kisha nikatoka kutembea tena mtaa ule ule, nikaanzia darajani. Mimi ni fundi wa mikeka, sijui dini, lakini kamba nazijua, na najua kila nyumba ya Iwadera yenye mwanamke wa umri wa kuheshimika ina droo, na ndani ya droo kuna ile mishipi myembamba ya kujifungia kimono kiunoni, iliyorithiwa kwa mama na kwa bibi, haivaliwi na haitupwi.

Nikaanza na Otsune.

"Mshipi wangu wa kiunoni?" akasema, mikono ndani ya pipa la figili. "Kumaji, hilo umechelewa kuliomba kwa miaka hamsini."

"Sikuombei mimi. Nataka kumfikisha Kannon hapa mlangoni pako."

Nikamweleza habari ya mama yako. Nilimweleza yote, na la kiti. Otsune alinawa mikono polepole, akaingia ndani, akakaa. Alipotoka alikuwa na mishipi mitatu. "Huu wa zambarau ni wa harusi yangu. Ukiurudisha na doa, nakutia kwenye pipa na chumvi."

Kisha akanifuata. Sikumwita. Alifunga duka, akamwachia paka. Kwa mwenye duka la sake yeye ndiye aliyesema, mimi nikawa mbebaji tu. Mwenye duka mwenyewe akaleta shaka: "Si nimesikia Shuen amekataa?"

"Shuen amekataa habari ya nguzo," Otsune akamjibu. "Barabara ni ya kwake? Mwite mkeo hapa, acha kusimama kama chupa."

Mtengeneza ubani aliamshwa. Mwenye nyumba ya wageni alitoa ya kwake na ya mama mkwe wake, akaomba ya mama mkwe ikae mahali panapokanyagwa. Ghorofa ya juu ya duka la mochi kuna bibi ambaye sijamwona nje miaka mingi, akateremsha wake dirishani, akauliza tu, "Na mimi nikiushika kutoka huku, inahesabika?" Nikamwambia inahesabika kuliko wote.

Tulipofika juu, mikono yetu imejaa rangi, Shuen alikuwa amesimama kwenye shimo la nguzo akipima.

"Mzee Kumaji, barua yangu ulipata?"

"Nimepata. Mwandiko mzuri kweli."

"Na umeisoma?"

"Bado niko kwenye mwandiko."

Akashusha pumzi kama ng'ombe. Ndipo mama yake akatoka jikoni, Bi Chiyono. Ana karibu miaka tisini, na amekuwa mama wa hekalu lile tangu baba yake Shuen alipokuwa mtawa mkuu. Alitazama mishipi, akamtazama mwanawe.

"Shuen, safari iliyopita ule uzi wa rangi tano aliushona nani?"

"Wewe, mama."

"Na upepo ulipoukata siku ya tatu, aliuunga nani?"

"Wewe, mama."

"Niliuunga na nini?"

Mtawa akarudi kupima shimo lile lile.

"Na mshipi wangu wa kiunoni. Hapakuwa na kitu kingine karibu. Siku zote zilizobaki watu waliishika nguzo, wakalia, wakaenda zao. Kannon hakusema kitu."

"Mama, hilo hukuwahi kuniambia!"

"Ulikuwa kijana. Ulikuwa na maswali ya maana zaidi."

Alitazama kichwa chake mwenyewe kwa muda kwenye ndoo ya maji, yule Shuen. Nadhani alitamani kiwe na nywele azivute. Mwisho akasema, kwa sauti si ya asali, ya kawaida kabisa: "Basi fundo la kwenye nguzo lifunge wewe mwenyewe, mama. Mimi sitakuwa nimeona."

Kwa hiyo mlete. Mwambie avae nguo nzito, darajani pana upepo wa mto.

Mjomba wako,
Kumaji

Na magoti yangu ni mazima. Hilo kaa nalo.


Iwadera, 22 Aprili

Kwa Mtawa Shuen, mkuu wa hekalu,

Maua ya mcheri yamekwisha kumwagika na mtaa unateleza. Ndiyo salamu.

Nakuandikia shukrani pamoja na lawama, na zote ni kubwa. Shukrani ni kwamba hukuona. Hukuona vizuri sana, mpaka asubuhi ile ulipita chini ya mishipi ya mtaa mzima, rangi zote, umeelekeza macho mbinguni kama mtu anayetafuta mvua. Bi Chiyono alisimama kando ya nguzo na mkono wake juu ya fundo, mtu asikaribie.

Lawama ni mwavuli wako.

Nimeyaona maandamano yako maisha yangu yote. Najua watoto wanapita kwanza na taji zao za karatasi, kisha ngoma, kisha wewe chini ya ule mwavuli mwekundu mrefu kama mnazi. Lakini nilipopima njia niliipima kwa nyayo, chini, kama ninavyopima chumba cha mikeka. Tuliulaza uzi usawa wa kiuno, tukauvusha mtaa pale dukani kwa sake, ukafika darajani vizuri, ukabaki na mkia wa kuchezea. Dada yangu alikuwa amekwisha kufika. Nobuhiro alimweka pembeni ya daraja, nguo nzito, mikono mapajani. Nikamwambia, "Subiri maandamano yapite, halafu ushike, zamu yako hiyo." Akasema, "Nimesubiri miaka sitini na sita, nitashindwa na ngoma?"

Ndipo mwavuli ukatokea, na mtaa mzima ukapiga kelele, "Nyanyua! Nyanyua!" Wakanyanyua. Mwenye duka la sake akaupandisha uzi mpaka kwenye mapaa yake, ng'ambo ya pili wakafanya hivyo hivyo. Wewe ukapita salama na uso wako wa mbinguni. Na mkia wa uzi ukaniponyoka mkononi, ukapanda mtaa kama nyoka aliyekanyagwa.

Walipojaribu kuushusha ulikuwa umenasa kwenye vigae, na kuuvuta kwa nguvu ni kuukata. Ukaning'inia pale juu ya kipandio cha jiwe, mbele ya daraja. Kiti cha dada hakipandi kipandio. Mshipi wa ziada mtaani haukuwepo hata mmoja, droo zote tulikwisha kuzikomba. Wangu wa suruali niliufikiria. Lakini watoto wa maandamano walikuwa bado wanatazama, na sikutaka wamkumbuke Kannon kwa hilo.

Juu huko kengele ya kumfungua Kannon ikaanza. Dada akanitazama. Nikaweka mguu mmoja juu ya kipandio, nikarefuka mpaka bega likalia, nikaushika uzi kwa mkono wa kushoto, ule wa zambarau wa Otsune. Wa kulia nikampa yeye.

Nakueleza hili wewe kabla hujalisikia kwa Otsune limekuzwa. Sikusikia umeme, sikuona nuru. Usinitie kwenye orodha ya waliookoka. Nilikuwa waya tu.

Mikeka ya jumba kuu imechakaa sehemu ya mlangoni. Nitakuja.

Kumaji


Otaru, 27 Aprili

Kumaji,

Tulifika salama. Mochi zako ziliharibika njiani, lakini Nobuhiro alizila.

Sasa nikae sawa nawe. Magoti yako nilijua ni mazima tangu uliponiandikia. Mtu mwenye magoti mabovu haombi kuhurumiwa, anatukana, nakujua. Na mtu asiyejua kuhusu kiti hataji kiti cha magurudumu bila kuulizwa. Nikamtazama Nobuhiro, Nobuhiro akatazama supu yake. Lakini la uzi nililiamini, mjinga mimi, mpaka niliposhuka kwenye basi nikaona mishipi. Wanawake wenzangu, nikasema. Huu si uamuzi wa mtawa. Mtawa hana mshipi wa maua ya krisanthemamu na kiraka.

Sikukwambia, kwa sababu ulikuwa umejisimamisha pale darajani kwa fahari kama umelijenga wewe.

Neno langu ulitaka kulijua, hukuthubutu kuuliza, ukageukia mto kama ulivyoahidi. Nitakwambia. Nilitaka kuomba miguu yangu. Si yote, sina tamaa. Nilitaka inayotosha kufika soko la samaki na kurudi peke yangu, nichague samaki mwenyewe bila mke wa Nobuhiro kuniambia yule pale ni mkubwa. Nililipanga neno hilo miaka miwili, nikalipunguza, nikalifanya la adabu. Kwenye treni nililirudia kimya kimya mpaka Nobuhiro akadhani nimesinzia.

Kisha ukanipa mkono. Ulikuwa wa baridi na unanuka achari. Mguu wako mmoja ulikuwa juu ya jiwe lile lenye ukungu, mwingine hauko popote, na nyuma yako ni mto. Kengele ikalia. Nikajua ndiyo wakati wenyewe, mara moja tu, haurudi. Na nilichosema, Kumaji, chote, mwanzo mpaka mwisho, ni hiki: "Kannon, huyu mjinga asiteleze."

Kengele ikanyamaza. Ukaniachia. Ndipo nikakumbuka miguu.

Nilicheka kuanzia stesheni ya Iwadera mpaka baharini. Nobuhiro alidhani nalia, akaninunulia chai.

Dada yako,
Yasue


Iwadera, 3 Mei

Dada Yasue,

Salamu za msimu ziruke, nina kazi. Mishipi ya watu inatakiwa kurudi na mafundo hayafunguki. Nakaa hapa na sindano kubwa ya mikeka nikiyachokoa moja moja, na Otsune amekaa mbele yangu kulinda wa zambarau. Anasema nikiuharibu ataniozesha pipani. Nimemwambia amechelewa, nimekwisha kuoza. Yule bibi wa juu ya duka la mochi amekataa wake urudishwe. Anataka ubaki umefungwa na wa jirani yake.

Kuhusu ombi lako. Mto ulikuwa umejaa, jiwe lile huteleza hata wakati wa kiangazi, bega lilikuwa linachomoka, na kandambili ya kulia ilikuwa imekwisha kunivuka. Sikuteleza.

Kwa hiyo usimwambie mtu kwamba ulirudi bure.

Mdogo wako,
Kumaji